David Lynch kwenye diski: ipi ununue kwanza, ipi isubiri

Waambie mashabiki kumi wa David Lynch wazipange filamu zake kumi, utapata orodha kumi na ugomvi mmoja. Filamu ndefu za sinema alizoongoza ni kumi kweli, kuanzia Eraserhead ya 1977 hadi Inland Empire ya 2006. Alifariki Januari 2025 akiwa na miaka 78, kwa hiyo ya kumi na moja haiji. Orodha imefungwa, na ubishi ndio kwanza umepamba moto.

Ugomvi wenyewe mara nyingi hautokani na ladha. Mmoja aliiona Lost Highway kwenye DVD ya zamani yenye picha ya matope, mwenzake akaiona kwenye nakala iliyosafishwa kutoka negativu ya asili, yaani ule utepe uliopita ndani ya kamera, kisha wanabishana kana kwamba walitazama kitu kimoja. Kwa Lynch tofauti hiyo ni kubwa kuliko kwa waongozaji wengi, maana nusu ya hofu yake imo kwenye giza na kwenye mngurumo wa chini unaosikika kwa shida. Ukiondoa hivyo viwili, kinachobaki ni watu wanaozungumza polepole kwenye vyumba vyenye mapazia.

Kwa sababu hiyo natenganisha foleni mbili. Ya kwanza ni ya filamu zenyewe: Mulholland Drive, Fire Walk with Me, Blue Velvet, Eraserhead, The Straight Story, The Elephant Man, Lost Highway, Inland Empire, Wild at Heart, na Dune mkiani. Ya pili ni ya diski, yaani ipi inastahili pesa yako kwanza, na hapo mambo yanageuka: Fire Walk with Me inapanda juu kabisa, Eraserhead inaifuata, Lost Highway na Inland Empire zinaruka mbele, huku Mulholland Drive, ninayoiita bora kuliko zote, ikishuka hadi katikati. Najua nitatukanwa, lakini nisikilize kwanza.

Kabla ya filamu kuna mtego wa kufuli, na wanaoagiza kutoka ng'ambo huugundua wakati mzigo umeshafika. Blu-ray hugawanywa kwa kanda, na deki ya kawaida husoma diski za ukanda wake tu. Afrika nzima, Ulaya, Mashariki ya Kati na Australia ziko ukanda B. Marekani na Kanada ziko ukanda A. Deki iliyonunuliwa Dar es Salaam, Nairobi au Maskati kwa kawaida husoma B, ilhali matoleo mengi mazuri ya Lynch hutolewa na Criterion, kampuni ya Marekani, na Blu-ray zake za huko zimefungwa kwa A. DVD nazo zina mgawanyo wake: Afrika Mashariki ni ukanda 5, Oman na nchi nyingine za Ghuba ni 2, Marekani ni 1. Diski za 4K, zenye picha kali kuliko Blu-ray, hazina kufuli la ukanda, zinacheza kwenye deki yoyote ya 4K.

Hapo ndipo penye ujanja. Kasha la 4K la Criterion huwa na diski mbili: moja ya 4K yenye filamu, nyingine Blu-ray yenye filamu hiyo hiyo pamoja na mahojiano na nyongeza nyingine. Ukiwa na deki ya 4K ya ukanda B, filamu itacheza na nyongeza zitakukatalia. Umelipia kasha zima, umefaidi nusu. Mwenye deki iliyofunguliwa kanda zote hana shida hii, na kwa mtu anayetaka kukusanya filamu za Lynch, deki ya namna hiyo ni ununuzi wa busara kuliko diski yoyote nitakayoitaja. PlayStation 5 yenye sehemu ya diski inasoma 4K. PlayStation 4 haisomi, hata ile ya Pro.

Sasa tuzilinganishe. Naanza na Mulholland Drive dhidi ya Lost Highway, kwa sababu hizi ni ndugu wa tumbo moja na watu hupenda kuzipambanisha. Zote mbili zilipigwa picha na Peter Deming. Zote mbili zina mtu aliyetenda jambo asiloweza kulibeba, akajibunia maisha mengine ya kujificha ndani yake, mpaka maisha hayo nayo yakaanza kuoza. Katika Lost Highway ya 1997 Fred, mpiga saksafoni anayechezwa na Bill Pullman, analala gerezani, asubuhi askari wanamkuta kijana mwingine kabisa ndani ya chumba. Patricia Arquette anacheza wanawake wawili, au mmoja mara mbili. Hapo kila shabiki ana hukumu yake. Katika Mulholland Drive ya 2001 Naomi Watts anaingia Hollywood akiwa na tabasamu la msichana wa tangazo la dawa ya meno, na saa mbili baadaye hutaamini kuwa ni mwigizaji yule yule.

Kwa filamu, sina mashaka hata kidogo. Mulholland Drive ilianza kama kipindi cha majaribio cha televisheni kwa ajili ya ABC, mtandao wa televisheni wa Marekani, mwaka 1999, wakaikataa, kisha Studiocanal ya Ufaransa ikatoa pesa za kuimalizia iwe filamu ya sinema. Asili hiyo inaonekana bado: kuna wahusika wanaoingia kwa vishindo wasirudi tena, kwa sababu walikusudiwa vipindi ambavyo havikutengenezwa. Lynch aliugeuza upungufu huo kuwa ndoto yenyewe. Tamasha la filamu la Cannes lilimpa tuzo ya mwongozaji bora, akagawana na Joel Coen. Mwaka 2016 wahakiki walioulizwa na BBC waliiweka ya kwanza kati ya filamu za karne hii, na katika kura ya jarida la Sight and Sound ya 2022 ilishika nafasi ya nane kati ya filamu zote za dunia. Lost Highway ina njaa zaidi na ukatili zaidi, lakini moyo wake ni baridi. Ukimaliza kuitazama unashangaa, huombolezi.

Kwa diski, lakini, mambo ni kinyume. Mulholland Drive inavumilia nakala duni. Rangi zake ni za mchana wa Los Angeles, nyuso ziko karibu, na mandhari ya klabu ya Silencio itakutoa machozi hata kwenye kompyuta ya mkononi yenye spika mbovu. Toleo la 4K la Criterion la Novemba 2021 ni zuri sana, na Studiocanal nao walitoa lao Ulaya mwaka huo huo, ila aliye na Blu-ray ya Criterion ya 2015 hana haraka ya kubadilisha.

Lost Highway haina uvumilivu huo. Kuna ukumbi ndani ya nyumba ya Fred ambamo anaingia na kumezwa na giza, na Deming aliuacha mweusi hasa, si wa kijivu. Kwenye DVD za zamani na kwenye video za mtandaoni zilizobanwa, weusi ule unavunjika kuwa vigae vinavyochezacheza, na badala ya kuogopa unaanza kufikiria kasi ya bando lako. Mwaka 2019 ilitoka Blu-ray ya Kino Lorber nchini Marekani, na Lynch mwenyewe akawaonya watu kupitia Twitter kwamba imetengenezwa kutokana na vifaa vya zamani, si usafishaji mpya wa negativu ya asili. Kusubiri kulilipa: Oktoba 2022 Criterion wakatoa 4K iliyosimamiwa na Lynch mwenyewe, picha na sauti. Kama una nafasi ya kununua moja kati ya hizi mbili na tayari uliwahi kuiona Mulholland Drive mahali popote pa maana, chukua Lost Highway. Kama hujaiona kabisa Mulholland Drive, mjadala huu haukuhusu bado, nenda kaitazame.

Jambo moja dogo kwa wapenda historia. DVD ya Mulholland Drive iliyotoka Marekani 2002 haikugawanywa kwa sura, kwa kuwa Lynch hakutaka mtu arukeruke ndani ya filamu yake. The Straight Story kwenye DVD ilikuwa hivyo hivyo. Ndani ya kasha la Mulholland Drive kulikuwa na karatasi ya vidokezo kumi vya kukusaidia kuifumbua, kama vile kuangalia kila inapotokea taa ya kivuli chekundu, au kujiuliza nani anatoa ufunguo na kwa nini. Wapo mashabiki wanaovihifadhi vile kama hati ya urithi. Maoni yangu ni kwamba mzee alikuwa anatutania. Mtu ambaye hakukubali kurekodi ufafanuzi wa sauti juu ya filamu zake, akisema filamu ijisemee, hawezi ghafla kukuandikia majibu kwenye karatasi.

Twin Peaks ndipo penye kazi, maana hapo hulinganishi filamu na filamu bali makasha na makasha. Ilianza kama kipindi cha televisheni cha ABC mwaka 1990. Fire Walk with Me, filamu ya 1992, inasimulia siku saba za mwisho za Laura Palmer, msichana ambaye mauaji yake ndiyo fumbo la kipindi, na wahakiki wengi wa wakati huo waliichukia. Walitaka kahawa, keki na vichekesho vya mji mdogo. Wakapewa msichana anayeangamizwa ndani ya nyumba yake mwenyewe, na Sheryl Lee akiigiza kwa namna inayokufanya utake kuinuka ukazime TV. Leo mashabiki wengi, nami nikiwemo, tunaihesabu kati ya kazi zake kuu. Badiliko hilo la hukumu limechangiwa sana na diski.

Kwa miaka mingi ilijulikana kuwa Lynch alipiga picha nyingi asizozitumia, na watu walizililia. Mwaka 2014 zilitoka hatimaye ndani ya kasha la Blu-ray liitwalo The Entire Mystery, kwa jina la The Missing Pieces: takriban dakika 90 ambazo Lynch alizihariri mwenyewe na kuzimalizia sauti, zikawa kama filamu ya pili iliyolala chini ya ile ya kwanza. Ndani yake mji unarudi, watu wa kipindi wanarudi, na ucheshi unarudi. Ukizitazama baada ya filamu unaelewa kwa nini alivikata vipande hivyo, na unaelewa pia ukali wa uamuzi huo. Sijui diski nyingine ya Lynch inayofundisha uhariri kwa namna hii.

Chaguo ni tatu. Kwanza ni toleo la Criterion la Oktoba 2017, lenye filamu, The Missing Pieces na mahojiano ya Sheryl Lee na mtunzi Angelo Badalamenti. Ni la bei ya kawaida na linafaa zaidi kwa asiyetaka kipindi kizima, ila ile ya Marekani imefungwa ukanda A. Pili ni The Entire Mystery, ambayo ilitolewa Ulaya pia. Kwa mwenye deki ya ukanda B hiyo ndiyo njia nyepesi, na unapata misimu miwili ya kwanza humo humo. Tatu ni From Z to A ya Desemba 2019, diski 21 ndani ya kasha la fahari lililotolewa kwa nakala 25,000 tu, likijumuisha msimu wa 2017 wenye sehemu 18, na diski moja ya 4K yenye kipindi cha kwanza kabisa na sehemu ya nane ya msimu huo wa 2017.

Ile sehemu ya nane, yenye mlipuko wa bomu la atomiki la majaribio la New Mexico wa Julai 1945, ni miongoni mwa vitu vya ajabu kupita vyote vilivyowahi kurushwa kwenye televisheni, na kwenye 4K inatisha. Lakini kununua kasha la mkusanyaji, kwa bei za watu wanaouziana baada ya nakala kuisha, kwa ajili ya saa moja ni anasa. Wanaofanya hivyo ni wakusanyaji wa kupamba kabati, na sina ugomvi nao; mtu ana haki na kabati lake. Mtazamaji achukue Criterion au The Entire Mystery, kutegemea deki.

Na wale wanaouliza kama msimu wa 2017 uhesabiwe kuwa filamu ili orodha iwe ya kumi na moja, jarida la Cahiers du cinéma liliutaja kuwa filamu bora ya muongo wa 2010 na wapenzi wa televisheni wakakasirika. Mimi siuhesabu. Ulirushwa kwa sehemu, wiki kwa wiki, na subira ile ilikuwa sehemu ya maumivu yake.

Blue Velvet dhidi ya Wild at Heart haitatuchukua muda. Ya kwanza, ya 1986, ilizaliwa kutokana na mapatano: baada ya Dune kuanguka, Dino De Laurentiis alimpa Lynch bajeti ndogo na uhuru wa neno la mwisho kwenye uhariri. Kijana anaokota sikio kwenye majani, na kutoka hapo unajua huyu mtu hatakuachia. Criterion waliitoa 2019 na kisha kwa 4K mwaka 2024, na nyongeza zake zina uzito: dakika 53 za vipande vilivyopotea, pamoja na filamu ya Peter Braatz aliyekuwepo na kamera wakati wa upigaji picha. Wild at Heart ilibeba Palme d'Or, tuzo kuu ya Cannes, mwaka 1990, ina Nicolas Cage na koti la ngozi ya nyoka, na kila nikiirudia inapungua. Ina kelele nyingi kuliko fumbo. Tuzo isikuvutie, nunua Blue Velvet, na ile nyingine itazame itakapokupitia.

Eraserhead na Inland Empire ni mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, na ukiwa na subira ya kutosha ni vizuri kuzitazama kwa jozi. Zote zilitengenezwa taratibu, kwa miaka, bila bosi wa studio mlangoni. Eraserhead ilianza kupigwa picha 1972 akiwa mwanafunzi wa taasisi ya filamu ya AFI huko Los Angeles. Ni ya dakika 89, nyeusi na nyeupe, na sauti yake, aliyoijenga na Alan Splet, ni ya mvuke, mabomba na upepo usiokoma. Diski ya Criterion ya 2014 ni bei nzuri kuliko zote kwenye foleni yangu, kwa sababu ina filamu fupi sita, zikiwemo The Alphabet ya 1968 na The Grandmother ya 1970, kila moja ikitanguliwa na maneno ya Lynch mwenyewe. Kwa anayetaka kujua mtu huyu alitoka wapi, hakuna kasha lingine la kulingana na hili. Itazame usiku ukiwa na hedifoni nzuri. Spika za TV zinaiua.

Inland Empire ni mtihani. Saa tatu kamili, imepigwa kwa kamera ndogo ya Sony PD150 ya video ya kawaida, picha ya chengachenga, Laura Dern akipotea kutoka chumba hadi chumba. Unasafishaje kitu ambacho tangu kuzaliwa hakikuwa safi? Kwa usafishaji uliotolewa 2022 waliirudisha kwanza kwenye ukubwa wake mdogo wa asili ili kuondoa maelezo ya uongo yaliyoongezwa zamani, kisha wakaikuza upya hadi 4K kwa msaada wa programu ya akili bandia. Kuna mashabiki waliokasirika kwamba nyuso zimelainishwa mno. Nawaelewa, lakini Lynch alisimamia kazi hiyo mwenyewe, na giza la filamu sasa linasomeka. Blu-ray ya Criterion ya Machi 2023 ina pia More Things That Happened, dakika 75 zaidi. Usianze nayo, tafadhali. Nimeona watu wakiagana na Lynch milele kwa sababu rafiki mmoja mwenye kujionyesha aliwawekea hii kwanza.

Ya kuanza nayo, hasa kama utatazama na familia sebuleni, ni The Straight Story. Mzee wa miaka 73 anapanda mashine ya kukatia nyasi kutoka Laurens, Iowa, hadi Mount Zion, Wisconsin, kumwona kaka yake mgonjwa waliyekosana. Ni kisa cha kweli cha Alvin Straight cha 1994, filamu ilitoka 1999 chini ya jina la Disney, na haina neno chafu hata moja. Watu wanaosema si ya Lynch hawajamsikiliza: ukimya ni ule ule, usiku ni ule ule, ila safari hii anaamini kuwa watu wanaweza kusameheana. Mzee atakayeitazama nawe ataielewa kabla yako.

The Elephant Man ya 1980 inakaa karibu nayo. John Hurt ndani ya sura ya bandia iliyotengenezwa na Christopher Tucker, London ya moshi iliyopigwa picha na Freddie Francis, uteuzi nane wa Oscar na tuzo hata moja hapana. Malalamiko kwamba Tucker hakutuzwa yalichangia kuzaliwa kwa tuzo ya kudumu ya Oscar ya upambaji wa sura. Hapa wa ukanda B tuna bahati: Studiocanal waliitoa kwa 4K Uingereza mwaka 2020, na huna haja ya kuhangaika na ile ya Marekani.

Imebaki Dune ya 1984. Lynch hakuwa na neno la mwisho kwenye uhariri, aliichukulia kama kidonda, na toleo refu lililotengenezwa kwa televisheni lilimfanya aondoe jina lake kabisa, pakaandikwa Alan Smithee, jina bandia la waongozaji wanaoikana kazi yao. Arrow waliitoa kwa 4K mwaka 2021, na mavazi, majumba na minyoo ya mchangani vinapendeza kweli kweli kwenye TV kubwa. Inunue ukiikuta kwa bei ya kutupa. Kama TV yako ni ya inchi 32, hata hiyo 4K achana nayo, kwa hii na kwa nyingine zote: Blu-ray ya kawaida na spika za maana zitakupa zaidi.